Kombora Sahihi? Kiswahili na Istilahi za Silaha Zinazoongozwa

Mchana wa tarehe 5 Oktoba 2023, wakazi wa kijiji cha Hroza, katika mkoa wa Kharkiv mashariki mwa Ukraine, walikuwa wamekusanyika katika mkahawa wa kijiji wakila chakula cha matanga baada ya kumzika upya mwanajeshi wa hapo kwao. Kombora moja liliangukia jengo hilo. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilihesabu watu 59 waliouawa: wanawake 36, wanaume 22 na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minane. Wachunguzi wa ofisi hiyo walisema kuwa yaelekea kombora lilikuwa la aina ya Iskander, silaha ya Urusi, na kwamba hawakuona mahali pale shabaha yoyote halali ya kijeshi.

Iskander huwekwa na wataalamu wa silaha katika kundi ambalo waandishi wa habari wa Kiswahili wamezoea kuliita "silaha zenye usahihi mkubwa". Mwandishi anayeitafsiri habari ya Hroza kwa Kiswahili hujikuta, basi, analazimika kuandika kwamba watu 59 waliokuwa matangani waliuawa na kombora lenye usahihi. Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Msikilizaji wa Kiswahili, hata hivyo, hushtuka, na mshtuko wake una msingi katika lugha yenyewe. Mhadhara huu unahusu mshtuko huo: namna Kiswahili kilivyozipokea silaha za roketi na makombora ya medani, majina kilichoyapa, na pale ambapo majina hayo yanasaidia kuona na pale yanapoficha.

Mzinga na kombora

Kiswahili hakikuanza jana kuzungumza habari za baruti. Pwani iliyajua mabomba ya moto ya Wareno tangu mwanzo wa karne ya 16, ikaijua mizinga ya Waomani, na tarehe 27 Agosti 1896 mji wa Zanzibar ulipigwa na meli za kivita za Waingereza kwa muda usiofika dakika 40. Meli zenyewe ziliitwa manowari, neno la mabaharia wa Kiingereza lililomezwa zima zima na kuvikwa irabu. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi juu ya vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima, hakuhitaji kamati ya istilahi ili kuisimulia mizinga iliyoipiga miji ya pwani.

Neno mzinga lenyewe ni somo zuri la jinsi lugha inavyobuni. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani likawa wazi, likatundikwa mtini ili nyuki wakae. Chombo cha chuma kilicho wazi ndani, chenye mdomo mmoja, kitokacho ndani yake vitu vinavyodunga, kiliitwa kwa jina la kile kilichokuwa tayari mtini. Hakuna mkopo hapo, kuna jicho. Neno hilo halijachoka hata sasa: chupa kubwa ya kileo ni mzinga, na kijana wa mjini anayemwomba mwenzake fedha huambiwa amepiga mzinga.

Risasi ilitoka katika neno la Kiarabu la madini ya risasi. Bomu likatoka Ureno. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha katika lugha ya askari wa zamani, ikatoka katika mlio wake. Kombora lina safari ndefu zaidi. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kiajemi lililokuwa na maana ya mtungi mdogo, ambalo liliingia Kituruki kama humbara na Kiarabu kwa maumbo kadhaa, kwa kuwa bomu la kwanza la kurushwa lilikuwa hasa chungu kilichojazwa baruti. Kamusi za zamani za Kiswahili zililieleza kombora kuwa ni tufe la kulipuka linalotupwa na mzinga. Yaani kombora lilikuwa kitu kinachotoka ndani ya kingine, kisicho na nguvu yake, kinachokwenda kwa msukumo wa kwanza tu kama jiwe la kombeo.

Leo neno hilo limehama. Kombora katika redio na magazeti ni chombo chenye injini yake, mafuta yake, na mara nyingi akili ya kielektroniki ya kukielekeza. Na bado, katika taarifa hizo hizo, tufe la mzinga nalo huitwa kombora, roketi ya kawaida huitwa kombora, na bomu la kurushwa kwa mtutu wa begani huitwa kombora. Neno moja linafanya kazi ya manne. Si aibu kwa lugha. Maneno mengi ya Kiswahili hubeba mizigo ya aina hiyo bila kulalamika. Lakini katika jambo hili tofauti zinazofichwa ndizo zinazoamua ni nani atakayekufa, na kwa hiyo yafaa zitazamwe kwa karibu.

Mvua

Roketi ya kivita ya karne ya 20 ilianza kama silaha ya wingi. Tarehe 14 Julai 1941, karibu na mji wa Orsha, jeshi la Kisovieti lilifyatua kwa mara ya kwanza katika vita roketi za milimita 132 kutoka juu ya malori. Askari waliziita Katyusha, jina la kubembeleza la msichana aitwaye Yekaterina, lililokuwa pia jina la wimbo uliopendwa siku hizo. Wajerumani waliopigwa nazo waliziita kinanda cha Stalin, kwa sababu ya mirija iliyopangwa safu na sauti iliyotangulia mauti. Jina hilo la pili lilifika Afrika Mashariki. Katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, roketi za asili hiyo zilizotumiwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania zilijulikana Tanzania kwa jina la Stalin, na upande wa pili wa mpaka Waganda waliosikia mingurumo ya silaha za Watanzania wakaiita sabasaba. Mtanzania anayesikia neno sabasaba hukumbuka tarehe 7 Julai na maonyesho ya biashara. Mganda wa umri fulani hukumbuka kujificha chini ya kitanda. Ni neno lile lile la Kiswahili.

Baada ya Katyusha ilikuja BM-21, iliyoingia jeshini katika miaka ya 1960, yenye mirija 40 ya milimita 122, inayoweza kuitoa mizigo yake yote kwa sekunde 20 hivi na kuifikisha umbali wa kilomita 20 kwa roketi zake za awali. Warusi waliiita Grad, maana yake mvua ya mawe. Waliofuata waliitwa Uragan, yaani kimbunga, na Smerch, tufani. Wamarekani nao, mwaka 1983, walianza kutumia mtambo wa M270 wenye roketi 12 za milimita 227. Kila roketi ya aina ya kwanza ilibeba vibomu vidogo 644 vya kutawanyika juu ya eneo kubwa. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, jina lililoenea kwa silaha hiyo lilikuwa mvua ya chuma.

Mvua ya mawe, kimbunga, tufani, mvua ya chuma: mataifa yaliyokuwa mahasimu yalikubaliana katika sitiari. Sababu yake iko katika ufundi. Roketi isiyoongozwa hupeperushwa na upepo, husukumwa na tofauti ndogo za mafuta yake, na kosa lake hukua kadiri inavyokwenda mbali. Roketi moja haina maana. Maana iko katika wingi. Mwenye kuifyatua halengi nyumba bali analenga wilaya. Kisarufi, mvua ni nomino isiyohesabika. Hakuna asemaye mvua tatu zimemwangukia kichwani. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa roketi hizo: zilikuwa hali ya hewa, na hali ya hewa haina mtendaji.

Baadhi ya mvua hiyo haikulipuka ilipoanguka, ikabaki mashambani ikiwangojea watoto na wakulima. Ndiyo iliyozaa Mkataba wa Kupiga Marufuku Mabomu ya Mtawanyiko, uliopitishwa Dublin mwaka 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Marekani na Urusi hazikujiunga, na Lithuania, iliyokuwa imejiunga, ilijitoa mwezi Machi 2025.

Inayoongozwa au inayojiongoza?

Mabadiliko makubwa yalikuja roketi ilipopewa usukani. Roketi ya Kimarekani iitwayo GMLRS ina kipenyo kile kile cha milimita 227, lakini puani ina mapezi madogo yanayogeuka ikiwa angani. Ndani yake mna vyombo vinavyohisi kila badiliko la mwendo na mwelekeo, na kipokezi cha mawimbi ya setilaiti za GPS kinachosahihisha makosa ya vyombo hivyo. Kabla ya kufyatuliwa, roketi huingiziwa tarakimu za mahali inapotakiwa kufika. Ikishatoka, inazilinganisha tarakimu hizo na mahali ilipo, inarekebisha mapezi yake, na kufika kilomita 70 au zaidi ikiwa imekosea kwa mita chache tu. Silaha iliyokuwa ikihitaji roketi nyingi kuiharibu nyumba moja sasa inahitaji moja au mbili. Lori jepesi la HIMARS hubeba sita. Mahali pa hizo sita panaweza kuwekwa kombora moja kubwa liitwalo ATACMS, ambalo aina zake za masafa marefu hufika kilomita 300.

Kiswahili kimeliitaje jambo hili? Istilahi iliyoenea ni roketi zinazoongozwa. Ni tafsiri ya moja kwa moja ya kitenzi cha Kiingereza katika umbo la kutendwa, na Kiingereza kina bahati ya kutoulizwa swali ambalo Kiswahili huuliza papo hapo: zinaongozwa na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili humwacha mtendaji mlangoni. Hata asipotajwa, kiunganishi na kinamngojea.

Kwa silaha nyingine jibu lipo. Yapo makombora ya kupiga vifaru ambayo mrushaji hukaa akiyatazama kwa darubini na kuyapa amri kupitia uzi mwembamba wa waya unaojikunjua nyuma yake. Hayo, bila shaka yoyote, yanaongozwa na mtu. Lakini GMLRS haiongozwi na mtu baada ya kutoka. Setilaiti haiiongozi, setilaiti hutangaza saa na mahali pake kwa kila mwenye kipokezi, awe mvuvi, dereva wa teksi au roketi. Kwa ukali wa kisarufi, basi, roketi hiyo inajiongoza. Kiambishi -ji- kingekuwa kielelezo bora zaidi cha kinachotokea angani.

Wapo wanaoipendelea kauli hiyo kwa sababu hii. Hoja yao ya kiufundi ni nzuri, na bado kuna sababu ya kusita. Katika Kiswahili kujiongoza ni sifa ya mtu mzima mwenye akili na wajibu. Nchi iliyopata uhuru hujiongoza. Tukisema kombora linajiongoza, tumelipa kombora utashi, na anayepewa utashi hupewa na lawama. Tarakimu zile zilizoingizwa kabla ya kufyatua ziliingizwa na mtu, aliyepewa na mtu mwingine, aliyezipata kwa mpelelezi au kwa ndege isiyo na rubani. Kombora halikuchagua. Zinazoongozwa, pamoja na udhaifu wake, linabakiza nafasi tupu ya mtendaji katika sentensi, na nafasi tupu ni afadhali kuliko nafasi iliyojazwa na chuma. Kwa maoni yanayotetewa hapa, kauli ya kutendwa iachwe ilivyo, na anayeandika ajue kwamba ana deni la kutaja na.

Kuna jambo jingine ambalo umbo la kutendwa linalifaa. Kinachoongozwa kinaweza kupotoshwa. Tangu mwaka 2023 majeshi ya Urusi yamekuwa yakivuruga kwa nguvu mawimbi ya GPS katika medani za Ukraine, na silaha kadhaa zinazoyategemea zilipoteza sehemu kubwa ya shabaha yake. Roketi iliyonyimwa setilaiti hubaki na vyombo vyake vya ndani, ambavyo kosa lake hukua polepole. Inarudi, hatua kwa hatua, kuwa mvua.

Masafa na mbinu

Yapo mambo mawili ya kupitia upesi. La kwanza ni masafa. Wataalamu huyaita makombora yasiyozidi kilomita 1,000 kuwa ya masafa mafupi, na Kiswahili kimefuata bila kuuliza. Mkataba wa mwaka 1987 kati ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, uliopiga marufuku makombora ya ardhini ya kati ya kilomita 500 na 5,500, na uliokoma tarehe 2 Agosti 2019, ndio uliofanya Iskander itangazwe kuwa ya kilomita zisizozidi 500. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kilomita 440 hivi. Msikilizaji wa kawaida, akiambiwa masafa mafupi, hafikirii Nairobi na Mombasa. Kuitaja namba hakumgharimu mwandishi kitu.

La pili ni gumu kidogo. Silaha za kundi hili huitwa na majeshi silaha za ngazi ya mapigano, kinyume na zile za kuangamiza miji ya mbali. Kiswahili kimeigawa dhana hiyo kwa maneno mbinu na mkakati, tukapata makombora ya kimbinu na ya kimkakati. Mkakati umekubalika. Kimbinu, kinyume chake, ni istilahi iliyozaliwa na homa. Mbinu kwa Mswahili ni njia ya werevu, na mara nyingi werevu wenye hila. Mtu wa mbinu si wa kukopeshwa. Kombora la kimbinu linasikika kama kombora la ujanja. Ilhali lugha ina neno medani, lililotoka katika Kiarabu na kukaa pwani miaka mingi, lenye maana ya uwanja wa mapambano. Kombora la medani linaeleza kile kile ambacho mwanajeshi anakikusudia: silaha ya kutumiwa na kamanda aliye vitani, dhidi ya maghala, madaraja, viwanja vya ndege na makao ya amri ya adui aliye mbele yake. Daraja la Antonivka, karibu na mji wa Kherson, ni mfano. Kuanzia Julai 2022 Waukraine walilitoboa kwa roketi za GMLRS, tundu baada ya tundu, hata malori mazito ya Warusi yakashindwa kulipita, na tarehe 11 Novemba mwaka huo Warusi wakakamilisha kuondoka ng'ambo ya magharibi ya mto Dnipro. Hakukuwa na hila hapo. Kulikuwa na hesabu.

Usahihi

Tunarudi Hroza. Neno usahihi limetokana na sahihi, na sahihi ni la Kiarabu, lenye asili ya kuwa mzima, kutokuwa na ugonjwa wala dosari. Katika Kiswahili limepanuka kwa namna ya kupendeza. Jibu la mwanafunzi ni sahihi. Hadithi ya Mtume iliyothibiti upokezi wake ni sahihi. Jina lililoandikwa kwa mkono chini ya waraka ni sahihi, kwa kuwa linauthibitisha. Tendo la haki ni tendo sahihi. Katika matumizi yote hayo neno linabeba kweli na wema pamoja, na mzungumzaji hajawahi kuona haja ya kuvitenganisha.

Kiingereza, Kirusi na Kifaransa vina maneno ya pekee kwa ajili ya kipimo tu: umbali kati ya pale palipokusudiwa na pale palipofikiwa. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu pale palipokusudiwa. Mtu anayemlenga jirani yake moyoni na kumpiga moyoni ana kipimo kizuri. Kiswahili, kilipokopa dhana hiyo kutoka katika vitabu vya silaha na kuiita usahihi, kiliiongezea bila kutaka sifa ambayo haikuwa nayo. Silaha sahihi inasikika kama silaha ya haki. Wanaouza silaha hizo wasingeweza kununua tangazo bora kuliko hilo, na wamelipata bure.

Ni kweli kwamba silaha isiyokosea sana inaweza kuokoa raia. Jeshi la Marekani liliondoa vibomu vya kutawanyika katika aina mpya ya roketi yake na kuweka mahali pake vipande zaidi ya 180,000 vya tangisteni, visivyobaki ardhini kama mabomu. Mwanakijiji anayelima baadaye hapo ana salama zaidi. Lakini hii ni hoja kuhusu matumizi, si kuhusu kipimo. Na Hroza inaonyesha upande wa pili wa shilingi. Kama wachunguzi wamesema kweli, kombora lile lilipiga jengo moja katika kijiji kizima, na jengo hilo ndilo lililokuwa na watu. Tungekuwa na neno la kipimo peke yake, sentensi ya mwandishi ingesemeka bila kumshtua mtu kwa sababu isiyo yake; mshtuko wote ungebaki kwa tendo.

Neno hilo lipo, na linajulikana na kila mwindaji. Ni shabaha. Mtu mwenye shabaha ni mtu asiyekosa anapolenga, awe anawinda nguruwe waharibifu shambani au anamlenga mwenzake. Sifa hiyo haimtakasi wala haimchafui. Kombora lenye shabaha, roketi zenye shabaha kali: hakuna anayesikia hapo cheti cha uadilifu. Zipo pingamizi. Shabaha ni pia kile kinacholengwa, na sentensi kama "kombora lenye shabaha kali lilikosa shabaha yake" ina mkanganyiko. Mkanganyiko huo unavumilika, kwa kuwa muktadha huutatua mara moja. Ule wa usahihi hautatuliki, kwa kuwa msikilizaji hajui kwamba upo.

Vitenzi visivyo na mtu

Istilahi ni nomino, na wanaoshughulikia istilahi huelekea kusahau vitenzi. Katika habari za makombora vitenzi ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Makombora "huvurumishwa", ingawa kuvurumisha ni kutupa kwa nguvu bila uangalifu na hakufai hata kidogo kwa silaha iliyoingiziwa tarakimu. Makombora "hufyatuliwa", kitenzi cha mtego, cha bunduki na cha matofali, kinachofaa. Makombora "hulenga" kana kwamba yana macho. Na zaidi ya yote, makombora "huanguka". Hata aya ya kwanza ya mhadhara huu ilisema kombora liliangukia jengo, na huenda wasomaji wengi hawakuona kitu.

Kuanguka ni kitenzi kisichohitaji mtendaji. Embe huanguka. Kwa Grad ya mwaka 1963, iliyokuwa mvua, kitenzi hicho kina ukweli wake. Kwa silaha inayoongozwa ni uongo mdogo wa kisarufi, maana haikuanguka popote, ilifika.

Usiku wa kuamkia mwaka 2023, roketi za HIMARS zililipiga jengo la shule ya ufundi huko Makiivka, walimokuwa wamelala askari wapya wa Urusi. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilikiri vifo vya askari 89, idadi kubwa isiyo ya kawaida kwa taarifa zake, kisha ikasema kuwa chanzo kikuu kilikuwa askari wenyewe kutumia simu za mkononi kinyume cha amri. Tazama jinsi sentensi ilivyopangwa: aliyefyatua ametajwa, lakini sababu imehamishiwa kwa waliokufa, na kamanda aliyewalaza mamia katika jengo moja ndani ya masafa ya roketi hana nafasi yoyote katika sarufi hiyo, si ya kiima wala ya yambwa.

Karibu zaidi na nyumbani, tarehe 3 Mei 2024, silaha nzito zilipiga kambi za wakimbizi wa ndani za Mugunga na Lac Vert, nje kidogo ya Goma. Waliuawa watu zaidi ya 10, wengi wao watoto. Marekani ilisema mashambulizi yalitoka katika ngome za jeshi la Rwanda na M23, Rwanda ilikanusha. Watu wa kambi hizo ni wasemaji wa Kiswahili, Kiswahili cha Kongo ambacho bomu lake ni bombe, kwa njia ya Kifaransa. Bombe zilianguka: ndiyo sentensi iliyo mdomoni, na mama aliyezika mwanawe ana haki ya kuisema hivyo, kwani yeye aliona kitu kikishuka na hakuona kilikotoka. Mwandishi wa habari na mwandishi wa ripoti hawana haki hiyo. Kwao, palipo na ushahidi wa kilikotoka, kitenzi kiwe cha kurusha na kipewe mwenyewe. Na palipo na mabishano, pande zote mbili zitajwe kwa majina. Kuanguka si msimamo wa kati. Ni kumsamehe mmoja kabla ya kesi.

Kwa watoto

Tarehe 8 Aprili 2022, kombora la Tochka-U lilipasuka juu ya kituo cha reli cha Kramatorsk, ambako maelfu ya raia walikuwa wakingoja treni ya kukimbia vita. Walikufa zaidi ya 50, watoto wakiwamo. Shirika la Human Rights Watch, baada ya uchunguzi wake, lilisema kombora lilirushwa na Urusi na lilibeba vibomu vya kutawanyika; Urusi ilikana. Mabaki ya kombora yalikutwa kwenye nyasi mbele ya kituo yakiwa yameandikwa kwa rangi nyeupe maneno mawili ya Kirusi: za detei.

Magazeti ya dunia yaliyatafsiri kama "kwa watoto", na wasomaji wengi wakaelewa kwamba kombora lilikuwa zawadi ya kikatili iliyotumwa kwa watoto. Kirusi hakisemi hivyo. Kwa kitu kinachokusudiwa kumfikia mtu, Kirusi kina kihusishi dlya. Kihusishi za, kinapofuatwa na uhusika wa yambwa kama hapa, kina maana ya kwa niaba ya, au kwa kulipiza: hiki ni malipo ya watoto wetu. Aliyeandika alidai, kweli au uongo, kwamba analipiza kisasi cha watoto wa upande wake. Ukatili haupungui, unabadilika umbo, na mwanahistoria anayehitaji kujua mwandishi yule alijiona nani anahitaji umbo lile hasa.

Kiswahili kinaweza kulibeba jambo hili kuliko lugha nyingi, na kinaweza pia kulipoteza. Kauli ya kutendea haisemi yenyewe kama tendo ni la kumfaa au la kumdhuru yule aliyetajwa. Mtu huwarushia watoto mpira, na kwa kitenzi hicho hicho huwarushia watoto kombora. Kumlilia mtu ni kulia kwa ajili yake; kumfia ni kufa kwa ajili yake, lakini pia mtoto humfia mama yake mikononi. "Kwa watoto" inaacha njia zote wazi. "Kwa ajili ya watoto" inaufunga mlango wa madhara na kuacha wa manufaa peke yake, hivyo inamfanya mwandishi wa kombora kuwa mfadhili. Iliyo karibu zaidi na Kirusi ni "kisasi cha watoto", na hata hiyo ina mashaka, kwani kihusishi cha -a unganifu hakisemi kama ni kisasi wanacholipiza watoto, wanacholipiziwa, au wanacholipizwa. Mfasiri mwangalifu angeandika "kuwalipizia watoto wetu", akiongeza wetu ambayo Kirusi hakikuitamka, na kueleza katika sentensi inayofuata kwamba ameiongeza. Watoto waliokuwa wakingoja treni hawakuwemo katika maneno yale mawili kabisa.